Namba Nane Amepewa Aline

Baba,

Habari ya kwanza nadhani huhitaji kuambiwa, maana wewe ndiye uliyeianzisha: namba nane amepewa Aline. Amepewa katikati ya mechi, huko Columbus, mbele ya watu, na aliyevuliwa jezi hiyo ni mimi.

Nimekaa jikoni kwetu Cheektowaga, kando ya Buffalo. Mama yuko kazini. Koti lako bado limening'inia mlangoni, hakuna anayethubutu kuliondoa. Najua ungetaka matokeo kwanza, halafu mengine baadaye. Subiri, Baba. Safari hii utanisikiliza mimi mpaka mwisho.

Mchezo huu uliuleta wewe nyumbani. Mzee Brendan, yule Mwairishi mliyekuwa mkipakia naye mizigo ghalani, alikualika siku moja ukatazame mpira wa kwao, ukarudi umechangamka kama mtu aliyepata habari za ndugu aliyepotea. "Mpira ni wa duara kama wetu," ulituambia, "lakini huu unadakwa, unabebwa, unapigwa kwa mguu na kwa ngumi. Ukipita juu ya mwamba wa goli ni pointi moja, ukiingia wavuni ni tatu. Mama, huu ndio mchezo wako!" Mimi uliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yako. Ukanipeleka kwenye timu ya wanawake ya Buffalo, na kwa misimu miwili nilivaa namba nane, katikati ya uwanja, pale ambapo kila mpira lazima upite.

Kisha akaja Aline kutoka Kenmore, binti wa Kikongo, mwembamba, miguu mirefu, anakimbia kama hagusi nyasi. Ulimtazama mazoezini kidogo tu. Ukamgeukia Mzee Brendan ukasema, na mimi nikasikia: "Namba nane ni huyu. Binti yangu ana mikono, akae golini."

Baba wa wenzangu waligombana na kocha ili binti zao wacheze. Wewe uligombana naye ili mimi nitolewe katikati. Kila Jumapili ulisimama kando ya uwanja na Mzee Brendan na Mama Sifa, yule jirani yetu Mkongomani anayekuja na kiti chake cha kukunja, mkabishana mpaka watoto wakawacheka. Mzee Brendan alitaka golikipa aanzishe kwa mpira mrefu, kama walivyofanya kwao tangu zamani. Wewe ulisema mpira mrefu ni kama kutupa mkate barabarani, anaokota mwenye mbio. "Mfupi! Pembeni! Halafu Aline aupokee akikimbia!" Kocha alikuwa anatabasamu tu na kuniacha nilipo. Nami nilikuwa nafurahi kila alipokukatalia.

Halafu figo zako zikakataa kazi. Nani alikuendesha kwenda kusafishwa damu, theluji ikianguka, kioo kikiganda? Mimi. Nani alikuosha mgongo ulipokuwa huwezi kuinua mkono? Ukirudi umechoka, garini hukuwa na neno kwangu ila "funga dirisha" na "punguza mwendo". Lakini jioni nilikusikia chumbani kwako ukicheka. Nilidhani unaongea na baba mdogo aliyebaki Tanzania. Nikasema moyoni, afadhali anaye wa kumchekesha.

Siku ya kukuzika, Aline alilia hadi akaishiwa nguvu. Wanawake wawili walimshika. Mtu mmoja wa kanisani akanong'ona nyuma yangu, "Pole yake, huyo ndiye binti wa marehemu?" Mimi nilikuwa nimesimama wima, macho makavu, nahesabu sahani za wageni kichwani. Sikugeuka kumsahihisha. Ila neno lile, Baba, nimelibeba mpaka leo.

Sasa mashindano. Yalikuwa Columbus: wenyeji, sisi wa Buffalo, na Louisville. Kabla ya safari watu walibishana kwenye simu wiki nzima. Wengine walisema niachwe katikati, iwe heshima kwako. Wengine wakasema Aline. Mama Sifa akatuma sauti yake, kavu kabisa: "Bon, miye nasema kweli. Kilio haiwezi kuchagua timu." Kocha alichagua kilio. Mimi nikabaki na namba nane, Aline akawekwa golini. Hakulalamika hata kidogo, na hilo nalo liliniudhi. Ningependa anune.

Columbus tuliwafunga. Fainali ikawa na Louisville, na wewe ungecheka, maana kando ya uwanja walikuja majirani zetu wa zamani wa Beechmont, kule Louisville, wale waliotupokea tulipofika nchi hii hatujui hata kuwasha jiko. Walikuja kuishangilia Louisville. Waliponiona wakalia, wakanikumbatia, wakasema pole, kisha wakarudi upande wao kupiga vigelegele dhidi yangu.

Kipindi cha kwanza kilikuwa aibu. Aline alipiga mipira mirefu kama alivyoelekezwa, na wasichana wa Louisville, warefu wote, wakaidaka juu ya kichwa changu mmoja baada ya mwingine. Niliruka mpaka mapafu yakawaka moto. Kila nilipotua, mpira ulikuwa umeshaondoka. Kufika mapumziko walikuwa wametuacha kwa pointi saba, na nyuma ya kamba mashabiki wetu walikuwa wanachanana kwa maneno.

"Mtoeni mtoto wa watu pale, anakufa bure!" Huyo Mama Sifa. "Aline katikati! Si nilisema miye?"

"Mwacheni acheze, amefiwa," akajibu mama mmoja wa Beechmont, ambaye hata hakuwa wa timu yetu.

Ndipo Mzee Brendan akaingia mpaka tulipokaa, kofia mkononi. Alimwambia kocha kwa Kiingereza chake kile cha kumeza maneno: "Miaka yote nimembishia, na alikuwa na haki. Mipira mifupi. Na binti yake golini." Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. Nilimwonea wivu hata yeye, Baba. Alikuwa na ubishi wenu, na alikuwa anaumaliza pale kwa kukupa ushindi. Mimi nilikuwa na nini? Funga dirisha. Punguza mwendo.

Kocha akanitazama. Nikaivua jezi, nikamrushia Aline kifuani. Alitaka kuniambia kitu, nikampa mgongo, nikavaa ya golini bado ina jasho lake.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo ulipokuwa ukipangoja. Nilianzisha mfupi, pembeni, kwa beki wa kushoto. Yeye akampa Aline, na Aline akakimbia. Wale warefu wakabaki katikati wameinua mikono wanangoja mpira usiokuja. Tukafanya hivyo tena, na tena. Pointi moja moja juu ya mwamba, kisha Aline akaingiza wavuni, tukasawazisha. Mwishoni mshambuliaji wao alibaki peke yake na mimi. Alipiga kwa nguvu, chini, kulia kwangu. Nikaudaka, Baba. Sikuupangua, niliudaka, ukakaa mikononi kama mtoto anayerudi kwao. Sikumtafuta beki. Nilimwona Aline amejitenga pembeni, nikampelekea moja kwa moja. Akapanda nao uwanja mzima, akaupitisha juu ya mwamba. Filimbi ikalia.

Tulishinda kwa pointi moja. Wakambeba Aline. Hata wa Beechmont walimpigia vigelegele. Mimi nilibaki golini naokota chupa yangu ya maji, na niliona wazi, kwa macho yangu mwenyewe, kwamba ulikuwa na haki juu yake na juu yangu. Haikunipoza. Mtu anaweza kuona haki na bado akaungua.

Njiani kurudi Aline alikaa nami kiti cha nyuma. Akaniambia kwamba ulikuwa unamrekodia sauti kwenye simu baada ya kila mechi, hata ulipokuwa mgonjwa. Akauliza kama nataka kusikia. Nilitaka kusema sitaki. Nikasema, "Haya."

Kumbe kile kicheko cha jioni chumbani kilikuwa cha sauti hizo. Sauti yako ilijaa gari zima, yenye nguvu, ya mtu asiyeumwa. Unamweleza jinsi ya kugeuka, unamtania, unamwita mwanangu. Nilikuwa nasikiliza jina langu. Ilipita sauti ya kwanza, ya pili, ya nne, jina langu halimo. Katika moja nilijisikia mwenyewe kwa mbali, nikiita, "Baba, uji tayari." Na wewe ukajibu, "Ngoja kidogo, niko na mwanangu."

Nilimrudishia simu. Nje ilikuwa mashamba tu. Aline akaanza kulia, akasema, "Miye baba yangu sikumujua, donc, basi..." Hakumaliza, na sikumsaidia kumaliza. Lakini mkono wake ulikuwa umelala kwenye kiti, nami sikuusukuma.

Hivi ndivyo mambo yalivyo, Baba. Namba nane ni yake, nimeshamwambia kocha asinirudishe katikati hata Aline akiumia. Golini ni kwangu na nitakudakia kila kitakachokuja, hiyo ni ahadi. Mama nitamtunza, nayo ni ahadi. Kumpenda Aline sikuahidi. Uliniachia mzigo huo bila kuniuliza, basi niubebe kwa mwendo wangu.

Jana alinipigia, anataka twende pamoja kaburini kwako Jumapili, tukueleze jinsi tulivyoshinda. Nimemwambia Jumapili ni yangu, nitatoka kanisani nije peke yangu. Yeye aje Jumamosi akitaka.

Lala salama, Baba yangu. Na huyo akitangulia kufika, akaanza kukusimulia mechi, usimsikilize sana. Ningoje mimi.

Josefina