Nusu Saa ya Soksi

Chumba cha juu,
Kwa Fundi Cherehani.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Mama Mdogo,

Kabla hata ya salamu, nakusihi: barua hii isome peke yako, mlango umefungwa, na neno lolote lililomo lisimfikie mtu. Hata mama. Hasa mama, maana siri kwake hukaa mpaka maji ya chai yachemke tu.

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Mgongo bado unakusumbua ukitoka zamu ya usiku? Na Baba Mdogo, ameacha kubishana na redio? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakula vizuri, na mdogo wangu amerefuka hadi suruali zimemkimbia. Mimi ndiye silali.

Unaijua kazi yangu pale ofisi ya mifugo. Siku za chanjo ya kichaa cha mbwa nakaa mlangoni na kujaza kadi: jina la mwenye mbwa, saa aliyochomwa mbwa, saa aliyotoka. Kati ya saa hizo mbili lazima ipite nusu saa, wakae kwenye benchi tuwaangalie. Wewe ni muuguzi, unajua kwa nini. Mbwa wengi hawapati zaidi ya usingizi, uvimbe mdogo pale sindano ilipoingia, au kususa chakula siku moja. Lakini kwa nadra sana mwili hukataa dawa ghafla, na hapo hakuna muda wa kupoteza. Sindano ya kuokoa huwa tayari kwenye trei ya daktari, hatua kumi kutoka benchi.

Sasa sikia kosa langu. Foleni ikiwa ndefu, nilikuwa naandika saa ya kutoka papo hapo, pamoja na ile ya kuchomwa. Mbwa akichomwa saa nne na dakika tano, naandika ametoka saa nne na dakika thelathini na tano, kadi naiweka pembeni, nimemaliza. Wewe ndiye uliyeniita Kiherehere, ukasema nilizaliwa mkunga hajavua viatu. Tulicheka sana siku ile.

Jumatano ya wiki mbili zilizopita alikuja fundi saa, mzee aliyefiwa na mkewe, anaishi na mbwa wake tu. Mbwa wa kahawia, miguu myeupe, ndiyo maana akaitwa Soksi. Benchi lilikuwa limejaa na wingu limetanda.

“Baba, nenda tu kabla mvua haijakukuta,” nikamwambia. “Soksi mzima, ona mkia huo.”

“Daktari si amesema nusu saa?”

“Kadi yako tayari, baba.”

Akacheka. “Binti, wewe unakimbia kuliko saa zangu zote.” Akaondoka. Zilikuwa zimepita dakika saba.

Mvua iliwakamata njiani, wakajibanza kibandani kwa muuza mkaa. Hapo ndipo Soksi alipoanza kuvimba uso mpaka macho yakafumba. Akatapika, fizi zikawa nyeupe. Mzee alimbeba mikononi hadi kwetu, huku akilowa, na alipofika ilikuwa inakaribia saa tano. Daktari alichoma ile sindano, lakini moyo ulikuwa umeshasimama. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu. Kadi sikuisahihisha.

Kadi inasema Soksi alikaa nusu saa, akatoka mzima. Kwa hiyo daktari anashuku dawa ndiyo yenye kasoro. Sanduku zima limebandikwa karatasi nyekundu kwenye friji, na chanjo imesimamishwa. Mtaani watu wanaficha mbwa wao. “Mchanjeni kwanza paka wa daktari!” mmoja alitupigia kelele getini. Na juzi mbwa asiyejulikana, mate yakimchuruzika, alimng'ata muuza mkate mguuni. Amewahi hospitali na ameanza sindano. Mkewe amekuja kuniuliza, mimi, chanjo za mbwa zinarudi lini.

Lakini kinachoninyima usingizi ni mzee. Siku ya pili baada ya kumzika Soksi aliomba kuiona kadi. Akaitazama, akatazama saa ya mkononi, kisha ile ya ukutani kwetu.

“Binti, mimi nilidhani tulitoka mapema. Saa hii inakwenda sawa?”

“Labda inakimbia, baba.”

Huo ukawa uongo wa pili. Aliishusha, akaifungua kwa bisbisi ndogo, akaitegea sikio kama daktari anavyosikiliza kifua. Akairudisha ukutani. “Haina ugonjwa,” akasema. “Basi mgonjwa ni mimi.”

Mama Mdogo, amefunga duka. Anasema mtu asiyejua amekaa dakika ngapi hawezi kushika saa za watu. Kila siku saa nne na dakika tano, saa aliyochomwa Soksi, anakuja, anakaa kwenye benchi, kamba ya Soksi magotini. Anajaribu kukumbuka walivyokaa. Nusu saa ikiisha ananiaga kwa adabu, nami naitikia.

Ijumaa daktari anarudi kutoka safarini kutia sahihi ripoti. Nimeamua siku hiyo nimwite aje benchini, niwaambie wote wawili kwa pamoja, maana nikianza na mmoja nitamkimbia wa pili. Naogopa. Kazi naweza kuipoteza, na mama anaitegemea. Niombee.

Nisalimie Baba Mdogo, mapacha, na shangazi wa pale jirani kwenu. Mungu awalinde, na awarudishe nyumbani salama nyote.

Barua hii nampa dereva wa lori la posta, itakufikia Alhamisi. Ofisini usinipigie, kila mtu anasikia. Piga kwa Fundi Cherehani hapa chini, umwulize Kiherehere. Hakuna mwingine anayeniita hivyo, nitajua ni wewe. Piga Ijumaa, ila isiwe kabla ya saa nne na dakika thelathini na tano. Nitakuwa bado nimekaa na mzee.

Ni mimi, mwanao ninayekupenda,
Kiherehere