Tangu Majani Yakiwa Mabichi

Hyerin shoga, shika simu!!

Nimemkuta baba mlimani. Leo Jumanne, saa tano asubuhi, mlima Bukhan, katikati ya watu wanaopiga picha majani mekundu. Kavaa suti na tai na viatu vya ofisini!

Nikaita, "Baba?" Akageuka. Unajua kasema nini? "Majani yamependeza mwaka huu."

Majani!! Hyerin, eti majani!!

Nikamwambia, "Mimi nimechukua likizo ya siku moja. Wewe je?"

"Mimi pia. Ya leo tu."

Ya leo tu. Na mimi nikamwamini, mjinga mimi.

Tukashuka hadi getini tule maandazi ya mvuke. Mama muuzaji akacheka: "Mzee, leo umekuja na binti! Wenzako wanakuja wiki hii ya majani mekundu tu. Wewe nakuona hapa kila siku tangu majani yakiwa mabichi."

Baba akainama kufuta tope kwenye viatu.

Na mama nyumbani anampigia shati pasi kila asubuhi!

Sasa hivi mama kaniandikia: "Soli za baba yako zimeisha kabisa, kazi inamtesa. Tumnunulie viatu vipya vya ofisini?"

Nimejibu sawa.