Zamu ya Uji Siku ya Alhamisi

Chikongola, Mtwara

Mama yangu mpendwa,

Bwana asifiwe, na kamwene. Natumaini baridi ya huko Njombe haijakubana kifua kama mwaka jana, na kwamba lile goti linakuruhusu kufika kanisani bila kuegemea mabega ya watu. Sisi huku tu wazima, ila joto linatuchemsha. Upendo anakusalimu, siku hizi anaruka kamba kutwa na hataki kabisa kulala mchana.

Ujumbe wako niliupata, kwamba nikuletee Upendo ukae naye, kwa kuwa baba yake amehamishiwa Kigoma na mimi nashinda bandarini. Sikukujibu haraka kwa sababu, kusema kweli, moyoni nilishakubali. Hata masweta nilishamnunulia. Halafu likatokea jambo la shuleni, ngoja nikusimulie.

Chekechea ya Upendo haina mwenyewe. Wazazi wa mtaa waliungana, wakajenga chumba na ua wa mianzi, wakamleta Mwalimu Halima, na kila nyumba ina zamu yake kila wiki: mtu aje asubuhi, akoroge uji, akae na watoto mpaka saa sita. Zamu yetu ni Alhamisi. Msimu wa korosho meli zikija hatupumui ofisini, basi nikawa namtuma Dada Somoe, yule mama wa Tandahimba anayenisaidia kazi za nyumbani. Mwaka mzima. Nilijiona mjanja kweli, mama. Uji si uji tu?

Mwezi uliopita, Jumatatu moja, niliwahi kutoka kazini, nikasema leo mwanangu nitamchukua mwenyewe. Mlangoni nikamkuta Mama Zainabu, mwenyekiti wa wazazi, mwanamke mwenye sauti kubwa ambaye wazee wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Nikamwambia nimemfuata Upendo.

"Wewe nani wake?"

"Mama yake."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kitambulisho cha kazi shingoni. "Mama Upendo nnamjua mie. Alhamisi nnapika naye."

Upendo akaniona, akaja mbio akiita, "Mama! Mama!" Nikanyoosha mikono nikidhani yameisha. Mama Zainabu akamzuia taratibu kwa kanga yake.

"Dada, usikasirike. Hapa kila mwanamke wanamwita mama. Ntoto hatoki na ntu tusiyemjua."

Nikakaa nje kwenye benchi mpaka Somoe alipotoka sokoni, akaja kumchukua Upendo kama kawaida, akanithibitisha. Huyo ndiye msomi wako, karani wa bandari! Somoe aliona aibu kuliko mimi. Wale akina mama siwezi kuwalaumu. Wangekuwa wanamtoa mtoto kwa kila anayejiita mama yake, mimi ningekuwa wa kwanza kuwashtaki. Lakini niliumia. Nina miaka minne katika mji huu, na siku ile niligundua kwamba ukitoa watu wa ofisini, hakuna hata mmoja anayeweza kusema, huyu namfahamu.

Nikamwomba mkuu wangu nifanye kazi Jumamosi, niachiwe Alhamisi asubuhi. Zamu ya kwanza nikaaibika tena. Nilikoroga uji mzito wa kwetu, kisha nikamimina tui la nazi uji ukiwa unatokota kwa nguvu. Tui likakatika, mafuta yakaelea juu. Mama Zainabu akachungulia sufuria, akawaita wenzake.

"Njooni muone uji wa bandarini! Huu haunyweki, huu unapakiwa melini."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Nami nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya ua nikalia kidogo, maana tangu nihamie huku ilikuwa mara ya kwanza mtu kunitania.

Sasa juzi kulikuwa na mkutano wa wazazi. Sheria yao ni nyumba moja, jina moja daftarini, na mwenye jina ndiye anayesema kikaoni. Jina la nyumba yetu ni Somoe. Mwalimu Halima akaniuliza mbele ya wote, "Mama, nifute hili niandike lako?"

Somoe alikuwa amekaa karibu na dirisha. Mtoto wake wa pekee alimzika mwaka mmoja kabla hajaja kwangu. Hakuinua macho. Haki ilikuwa yangu, na hakuna ambaye angeninyima.

"Liache," nikasema. "Mimi niandike pembeni, msaidizi."

Wakaandika hivyo hivyo. Mama Zainabu akasogea mkekani, akanipa nafasi ya kukaa.

Nisalimie kaka Eliya na shemeji, na mjomba wa mashine ya kusaga, mwambie aache kubishana na wateja. Shangazi mwambie kitenge chake nimekipata, natafuta mtu wa kumpa akilete. Mchungaji naye umfikishie salamu zangu.

Naona nimezunguka weee na bado sijakujibu. Upendo haji, mama. Najua nyumba imekuwa kubwa mno tangu baba atutoke, na najua kitanda ulishamtandikia. Sentensi ya kwamba haji nimeiandika mara tatu nikiifuta. Upweke haujaniisha, siku nyingi narudi nyumbani nikitamani japo mtu mmoja wa kuongea naye Kibena. Lakini daftarini sasa mimi ni msaidizi wa mama wa mwanangu, na hata hako kacheo nimekapata kwa kushika mwiko. Nikikuletea mtoto, nitakuwa msaidizi wa nani?

Nisamehe.

Mwanao anayekukumbuka kila siku,

Rehema