Nani Alimtoboa Mwanangu Utumbo Kabla Hajazaliwa?

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapoteza mke. Mimi ni fundi bomba, miaka kumi na minne sijaona bomba likitoboka lenyewe, kwa hiyo mimba ya mke wangu ilipofika miezi saba na daktari wa picha za tumbo akakunja uso, akasema utumbo wa mtoto umetoboka humo humo tumboni na uchafu umevuja ukaacha vidoa vyeupe, nilimgeukia mke wangu pale pale nikamuuliza, "Umemeza nini?" Alilia tu, nikapekua mkoba wake, nikapeleka vidonge vyake kwa muuza dawa, akacheka: "Hivi ni vya kuongeza damu, shemeji." Sikuridhika, maana dada yangu anasema wauza dawa wote lao moja. Mtoto alizaliwa hospitali kubwa, akapasuliwa siku hiyo hiyo, wakakata kipande kibovu na kuutoa utumbo ubavuni, haja inaingia kwenye kifuko, na Jumatatu wanamrudisha chumba cha upasuaji kuuunganisha. Mpasuaji, mama mmoja mkali, alisema utumbo ulijisokota ukakosa damu, hakuna aliyekosea, lakini mbona alikuwa akimtazama mke wangu? Sasa ni wiki ya sita wako wodini, na juzi mke wangu kanipigia: "Sahihi ya upasuaji nimeshatia. Ukija, maneno yako yaache nyumbani." Je, nidai mke wangu apimwe damu kwanza, ijulikane alimeza nini?

Fundi Mwenye Shaka

Fundi, pole kwa hofu uliyopitia. Huruma yangu inaishia hapo.

Utumbo wa mtoto unaweza kujisokota au kuziba tumboni, ukatoboka bila mama kugusa chochote. Mpasuaji kakueleza, muuza dawa kakueleza, wewe ukamwamini dada yako! Na daktari alimtazama mkeo kwa sababu wewe ulikuwa unamtazama kama mwizi.

Basi nami nakushuku. Umetaja mkoba, vidonge, hata kicheko cha muuza dawa, lakini hukuniambia mtoto ni wa kike au wa kiume, wala kama umewahi kumbeba. Nadhani unaogopa kumpenda halafu umkose. Kuogopa si kosa. Kosa ni kumtwika mkeo hofu yako.

Damu ya mtu usidai. Picha ile ya mimba, uliyoigeuza ushahidi, ndiyo iliyofanya mpasuaji awe tayari mtoto alipozaliwa. Nenda wodini leo, useme "Nilikukosea," bila "lakini" nyuma yake. Mwombe muuguzi akufundishe kubadilisha kifuko. Jumatatu uwepo kabla hawajamchukua mtoto. Mkeo akinyamaza, nyamaza naye, ila usiondoke.