Simu Uliyoingoja, Kemi

Mdogo wangu Kemilembe,

Nakuandikia kutoka Hamugembe, kwenye meza ileile ambayo mimi dada yako nilikufundisha kuandika programu kwa JavaScript. Kompyuta ilikuwa yangu. Wewe ulikaa pembeni ukimenya ndizi za mama, na mimi nikijiona mwalimu.

Unaikumbuka siku ya mashindano ya kwaya kule Muleba? Programu ya kujumlisha alama niliiandika mimi. Majaji watatu wakaingiza alama za kwaya ya kwanza: nane, saba, tisa. Ukutani ikatokea 879! Ukumbi mzima ukacheka. Nikarudia hesabu, ikaja 879 ileile.

Ukaninong'oneza, "Dada, hebu kagua aina yake. Andika typeof."

Nikaandika. Jibu likaja: string.

"Si namba hizo," ukasema. "Kinachoandikwa kwenye kisanduku cha alama kinapokelewa kama maandishi, ndiyo maana yanaunganishwa tu. Yageuze kwanza yawe namba, kwa Number."

Nikayageuza. Ikaja 24. Watu wakapiga makofi, nami nikasimama kuyapokea. Lakini yule mama mgeni kutoka Mwanza, mwenye ofisi ya kutengeneza programu, alikuwa anakutazama wewe. Kemi, palepale wivu ulinishika. Mimi ndiye niliyekufundisha typeof, wewe ndiye uliyeikumbuka.

Alichukua namba yangu, kwa kuwa wewe hukuwa na simu. Wiki iliyofuata ulikuwa ukiniuliza kila jioni, "Hajapiga?" Nami nikijibu, "Bado, waitu, mdogo wangu."

Alipiga, Kemi. Alipiga siku ya pili tu. Aliuliza kama unaweza kazi ya ofisini kwake. Nikamwambia, "Bado mtoto, hajui kitu." Ukaenda Kaagya kuchuma kahawa ya shangazi msimu mzima, ukiamini hukufaa.

Kazi unayofanya sasa huko Arusha uliitafuta mwenyewe. Mama anawaonyesha majirani picha zako, na kila akitoa simu natamani ziwe zangu. Hata leo. Sitakudanganya tena kwamba wivu umekwisha.

Jana nilimpigia yule mama wa Mwanza nikamweleza ukweli. Akasema, "Mwambie yeye, siyo mimi."

Basi nimekuambia. Jumapili ukipiga, mama atasema nimetoka, kama ninavyomtuma aseme. Sijatoka. Huwa niko jikoni, nasikiliza sauti yako. Mwambie anipe simu, hata kama ni kwa kunigombeza.

Ni mimi,
dada yako