Kale Kadogo Kalikopelekwa Nakuru

Mjukuu wangu Njeri,

Hapa Keringet hatujambo. Mvua imerudi na mama yuko shambani anapalilia viazi. Nakuita mjukuu kwa sababu nilipewa jina la nyanya yetu, aliyemzaa baba yako, naye huniita mama hata mbele ya wageni, ingawa bado sijamaliza chuo.

Umeniuliza kama niliogopa nilipotolewa kinundu, kwa kuwa wiki ijayo utatolewa chako. Niliogopa sana. Nilikuwa darasa la pili, kinundu kiko nyuma ya sikio, na nyumbani wote waliniita Kadogo. Daktari alikibonyeza, akamwambia mama, "Usijali, haionekani kuwa kansa. Tutatoa haka kadogo, tukapeleke Nakuru kapimwe."

Nikang'ang'ania sketi ya mama. "Msinipeleke! Nitakuwa naosha vyombo!"

"Nani anakupeleka, wewe?"

"Daktari. Amesema mtatoa Kadogo."

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Kisha akashika kidole changu, akakiweka juu ya kinundu. "Kadogo ni haka. Wewe unarudi nyumbani na mathe," akasema akimwonyesha mama.

Sindano ya ganzi ilichoma, nikalia, lakini ile hofu kubwa ilikuwa imeshaniisha.

Nahisi nawe kuna neno ulilosikia watu wazima wakisema, ukalibeba peke yako. Muulize daktari kabla hajaanza, hata kama watacheka. Mimi walinicheka, halafu nikapanda kitandani mwenyewe.

Akupendaye,
Wanjiru