Fulana Namba Kumi na Moja

Buyenzi, Bujumbura
Ijumaa, 16 Mei 2003

Mwanangu Djibril,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limetulia. Mimi bado nipo. Moyo umechoka, miguu imevimba, na daktari amenipa vidonge vya rangi tatu. Aliponisindikiza mlangoni hakuniambia nirudi lini. Nimefundisha shule miaka thelathini na moja, namjua mtu anayekwepa swali.

Shangazi yako Fadhila anakusalimu. Daphrose, mama yake marehemu Gélase, naye anakusalimu. Tangu aliporudi kutoka ukimbizini Uvira, kila Ijumaa ananiletea uji wa mtama kabla hajaenda kufua nguo kwenye nyumba za matajiri kule Kinindo. Ukutani kwake ametundika picha mbili: ya Gélase, na yako ya gazetini, umeruka na mpira mkononi. "Mutoto wangu mumoja Mungu alimuchukua," huniambia, "ule mwingine anachezea Wazungu." Kisha anacheka, nami naangalia uji.

Usinipigie simu, masikio yangu sasa yanashika nusu ya maneno. Niandikie. Nataka kujua jambo moja: ulipofika Ubelgiji, siku ya kwanza, kocha aliyekuita alikuambia nini? Nikumbushe neno kwa neno.

Baba yako mkubwa,
Chabani

*

Namur, 3 Juni 2003

Baba Mkubwa,

Wa alaykum salaam. Nimefurahi kuona mwandiko wako, umenyooka kama zamani. Mimi mzima. Goti linanisumbua ngazini tu, uwanjani linajisahau. Msimu umekwisha, klabu imenipa mkataba wa mwaka mmoja tena. Kwa mtu wa miaka ishirini na saba, si haba.

Umeniuliza habari ya kocha. Hakusema kitu cha maana. Alinirushia mpira upande wa kushoto, nikaudaka vibaya, akacheka. Majira yote ya joto ya kwanza alinifunga mkono wa kulia kwa kitambaa nijifunze kutumia wa kushoto. Leo watangazaji wananisifia mkono huohuo. Basi.

Mbona unauliza leo, baada ya miaka minane? Mambo ya zamani tuyaache, Baba Mkubwa. Kunywa dawa. Msalimie Mama Gélase, mwambie nitamletea koti.

Mwanao,
Djibril

*

Buyenzi, Ijumaa, 20 Juni 2003

Mwanangu Djibril,

Salamu zangu zikufikie kwa amani. Mimi sasa nalala nimeegemea mito, maana nikilala chali pumzi inakata. Kwa hiyo sitazunguka.

Unakumbuka timu yetu ya mpira wa mikono ilikuwa na fulana saba kwa wachezaji tisa. Anayetoka anavua, anayeingia anavaa ikiwa imelowa jasho. Siku ya mechi ile ya Desemba 1994, yule kocha Mbelgiji alipokuja kutazama, namba kumi na moja aliivaa Gélase nusu ya kwanza, ukaivaa wewe nusu ya pili. Mbelgiji hakukaa kuuliza majina. Risasi zilisikika upande wa mtaa wa Bwiza, wakamkimbiza hotelini, na kesho yake akapanda ndege.

Januari ikaja barua yake. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa timu, na Kifaransa nilikijua kuliko wote. Niliwasomea kwa Kiswahili, mmekaa kwenye saruji ya uwanja: "Namhitaji mchezaji namba kumi na moja." Wote wakanigeukia, maana kwenye kitabu cha timu namba hiyo ilikuwa na majina mawili. Nikasema, "Ni Djibril." Gélase alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Barua haikuishia pale, mwanangu. Iliendelea: "yule anayefunga kwa mkono wa kushoto." Mstari huo niliuruka.

Ule mkono niliujua vizuri. Gélase alipokuwa darasa la pili nilimpiga rula kwenye vidole mpaka akajifunza kuandika kwa wa kulia. Uwanjani hakukuwa na rula. Lakini wewe ni mtoto wa mdogo wangu, nilikulea, na nilikuwa naona mji unavyokwenda. Mlango ulikuwa mmoja. Nikakupitisha wewe. Mwisho wa Machi watu wenye bunduki walipita Bwiza nyumba kwa nyumba, na Gélase alikuwa ndani.

Sasa sikiliza ninachoomba. Nitakapokufa, kabla jeneza halijainuliwa, mtu wa ukoo atasimama awaulize watu kama kuna anayenidai. Watajibu kama watu wanavyojibu siku zote, kwamba hawanidai, wamenisamehe. Mama Gélase atakuwa amesimama na wanawake ukutani, naye atajibu hivyohivyo bila kujua anasamehe nini. Nitakuwa nimemwibia mara ya pili. Nataka nimwambie nikiwa hai. Lakini jambo hili linakuhusu na wewe, na picha yako iko ukutani kwake. Bila ruhusa yako sitafungua mdomo.

Jibu haraka.

Baba yako mkubwa,
Chabani

*

Buyenzi, Ijumaa, 18 Julai 2003

Djibril,

Amani iwe kwako. Wiki nne, na sijapata neno lako. Huenda barua imepotea, huenda haikupotea.

Utakuwa umesikia redioni. Wiki iliyopita mabomu yaliangukia mji siku baada ya siku. Fadhila alinivuta chini ya kitanda na mito yangu yote. Mama Gélase alikwama Kinindo siku tatu, amejificha chini ya beseni la saruji la kufulia. Ijumaa ilipita bila uji, nami nikawaza: amekufa bila kujua. Siku hiyo niliogopa kuliko miaka yote ya vita hivi.

Leo amekuja. Ameniona nalia, akasema, "We mzee, unalia juu ya uji? Ama nimesahau sukari?"

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nikayameza pamoja na uji. Nakusubiri wewe. Daktari amebadili vidonge, sasa ni vya rangi moja tu, nami naelewa maana yake. Ukikataa, andika "apana" moja tu, nitaiheshimu. Lakini andika.

Chabani

*

Namur, 2 Agosti 2003

Baba Mkubwa,

Barua zako zote mbili zimefika. Ya kwanza nilikaa nayo wiki nne kwenye mfuko wa mazoezi. Nisamehe kwa hilo.

Unaniomba ruhusa. Sina ya kukupa, kwa sababu nilijua.

Ile siku ya kwanza sikukuandikia yote. Kocha aliporusha mpira na mimi nikaudaka vibaya, hakucheka. Aliniuliza, "Na mkono wa kushoto uko wapi?" Nikamwelewa palepale. Hakuna kijana wa timu yetu ambaye asingeelewa. Nikamwambia nimeumia bega. Akaniamini, akangoja lipone. Miezi mitatu anangoja bega ambalo halikuwahi kuumwa, ndipo akachoka akaanza kunifunga kitambaa.

Nilifika tarehe tisa Februari. Gélase alikufa mwisho wa Machi. Hesabu wewe, uliyekuwa mwalimu: wiki saba. Ofisini kwa klabu palikuwa na simu, na kocha yule mzee aliyekuwa anamtafuta Gélase. Ningesema sentensi moja tu. Kila usiku nilisema kesho. Kisha ikaja barua yako ya msiba, na kesho ikaisha.

Wewe uliruka mstari kabla hujajua kitakachotokea. Mimi nilikaa kimya huku nasikia redioni kinachotokea.

Mwambie. Mwambie na langu pia, usilifunike. Nimekata tiketi, nafika Jumanne tarehe 9 Septemba. Nakuomba unisubiri.

Djibril

*

Buyenzi, Ijumaa, 22 Agosti 2003

Mwanangu Djibril,

Salamu. Fadhila ananishikia karatasi. Mwandiko umelala, uniwie radhi.

Nimemwambia leo. Alikuwa anakoroga uji upoe. Nikaeleza lote, fulana, mstari, wiki zako saba. Nilipomaliza akauliza, "Alipiga makofi?"

Nikasema, "Wa kwanza kabisa."

"Kwa furaha?"

"Kwa furaha, Mama Gélase. Alimwinua juu Djibril, akamzungusha."

Akanyanyuka. Akachukua kikombe mkononi mwangu, bado kimejaa, akaenda nacho. Mlangoni akageuka: "Miaka tano yote nakuletea uji." Fadhila alimfuata hadi barabarani, akarudi peke yake.

Nilidhani nitakuwa mwepesi. Apana. Lakini sasa anajua.

Siku kumi na nane zimebaki. Nazihesabu kama watoto wanavyohesabu likizo.

Baba yako mkubwa,
Chabani

*

Buyenzi, Ijumaa, 19 Septemba 2003

Baba Mkubwa,

Nakuandikia kutoka kwenye kiti chako. Najua hakuna wa kuipeleka barua hii, lakini umenizoesha kujibu.

Ulinisubiri. Siku tatu tulizokaa pamoja hatukulitaja jambo lile. Nilikunyoa ndevu, ukanisahihisha Kifaransa changu. Ijumaa asubuhi ukaondoka, na baada ya swala ya mchana tulikuwa uani na jeneza, na mimi ndiye mtu wa ukoo.

Nilimwona ukutani na wanawake, kitambaa cheupe kichwani. Ijumaa tatu hakuwa ametia mguu nyumbani kwako. Nikataka kuliruka swali. Nilitaka kusema tu, "Twendeni," tukuinue, na pasiwepo mtu wa kujua. Nikajua basi ulivyojisikia na karatasi ile mkononi.

Nikauliza. Watu wakajibu kwa pamoja, hatumdai, tumemsamehe. Wakainama kushika jeneza.

"Mi namudai."

Hakupaza sauti. Waliokuwa wameinama wakabaki wameinama. Mzee mmoja akaanza kumwambia anyamaze, nikamzuia.

"Wale walioua mutoto wangu," akasema, "hakuna hata mumoja aliyekuja kuniambia. Nakutana nao sokoni, wananisalimia. Huyu aliniambia kwa mdomo wake. Sijamusamehe." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Mumuzike. Jua ni kali."

Tukakuzika.

Leo asubuhi nilikwenda kwake na koti nililomwahidi. Hakulitazama. Ukutani imebaki picha moja, pembeni yake msumari. Nikasimama mlangoni, sikujua kama niingie au nirudi. Alikuwa amebandika sufuria.

"Kaa," akasema. "Ile mechi, mi sikuiona. Nilikuwa Kinindo, nafua. Nusu ya kwanza alifunga mara ngapi?"

"Mara tisa, Mama."

"Moja moja," akasema. "Nieleze moja moja."

Nikakaa chini. Nikaanza na ya kwanza.

Mwanao,
Djibril